Uvimbe unaojaa mtoto akilala: uchambuzi wa kisa cha kukatika pumzi usingizini

Msichana wa miaka 6 amefikishwa kliniki ya masikio, pua na koo na barua ya rufaa isiyozidi mistari miwili: anakoroma, mafindofindo yamevimba, aandaliwe upasuaji. Pembeni, kwa mwandiko mwingine, kumeongezwa: "baka la kuzaliwa, shavu la kushoto". Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na ugonjwa unavyojulikana, si faili la mtoto fulani. Lakini barua za namna hiyo zipo, na operesheni iliyopendekezwa ndani yake ingeweza kumtoa mtoto damu koo zima bila kumwondolea tatizo lake.

Tuanze na baka. Ni uvimbe laini wenye rangi ya buluu inayoelekea zambarau. Umeanzia shavuni, ukapita kwenye kona ya mdomo na kuingia upande wa kushoto wa ulimi. Ulikuwepo siku aliyozaliwa na umekuwa ukikua naye taratibu. Alipokuwa mchanga alipewa propranololi, dawa ya moyo na presha, kwa miezi kadhaa, uvimbe usitikisike. Hapo tayari tuna jibu la nusu ya fumbo. Mwaka 1982 watafiti Mulliken na Glowacki walitenganisha makundi mawili ya uvimbe wa mishipa ambayo kabla ya hapo yaliitwa kwa jina moja. Kundi la kwanza ni hemanjioma ya watoto wachanga: chembe zinaongezeka kwa kasi katika miezi ya mwanzo, halafu uvimbe unanywea wenyewe kwa miaka. Tangu mwaka 2008 inajulikana kwamba propranololi huirudisha nyuma. Kundi la pili ni kasoro za mishipa, yaani mishipa iliyojengeka vibaya mtoto akiwa bado tumboni. Hizi hazinywei zenyewe, na propranololi haina kazi kwake. Dawa ilipogoma, utambuzi ulipaswa kubadilishwa. Haukubadilishwa. Neno "hemanjioma" liliendelea kunakiliwa kutoka karatasi moja hadi nyingine, na hilo ni jambo la kawaida kuliko inavyostahili.

Sasa usiku. Mama anasema kukoroma kulianza mtoto akiwa na miaka 4, kwa sauti ndogo tu. Mwaka huu mambo yamegeuka. Analala ameegemea mito, shingo ameitupa nyuma, mdomo wazi, shati limelowa jasho. Amerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa zaidi ya mwaka. Mchana hasinzii hata kidogo. Kinyume chake, hatulii, anagombana na wenzake, na shuleni wanamlalamikia kwamba hakai kitini. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia kwenye kiti. Mtoto mara nyingi huchachamaa. Ndiyo maana wengi wa watoto hawa hupita kwanza mikononi mwa watu wanaotafuta tatizo la tabia.

Kisha, akiwa anakusanya vitu vyake aondoke, mama akaongeza: "Daktari, kuna kitu kingine. Akilala chali hata hilo shavu linabadilika. Linajaa. Ulimi nao unakuwa mnene, asubuhi maneno hayatoki vizuri mpaka akae kidogo."

Kwangu mimi, sentensi hiyo ina uzito kuliko barua nzima ya rufaa. Alikuwa na video pia, aliyoirekodi kwa simu usiku. Ukiitazama bila sauti unaona zaidi. Kifua kinapojaribu kupanuka, kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari kinafyonzwa ndani kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa uzi. Tumbo linapanda, kifua kinashuka, kinyume na kawaida. Halafu juhudi inaendelea lakini hakuna hewa inayopita. Mtoto anajinyonga shingo, anatikisa bega, anafungua mdomo zaidi, na ghafla anavuta pumzi moja kubwa, anageuka ubavu na kurudi usingizini. Dakika moja baadaye yote yanaanza upya. Hajaamka kwa maana ya kufumbua macho. Ubongo wake umeamka kwa sekunde chache ili kumwokoa, na umekuwa ukifanya hivyo usiku kucha.

Alipopimwa akiwa ameketi, mafindofindo yalikuwa ya ukubwa wa wastani, wa kuonekana kwa watoto wengi wa umri wake ambao hawakoromi. Ulimi ulikuwa na mabaka ya zambarau upande wa kushoto, mzito kidogo. Koo lilionekana kuwa na nafasi ya kutosha. Daktari anayeishia hapo ataandika "hali njema" na hatakuwa amesema uongo, kwa sababu mtoto aliyeketi ana hali njema kweli.

Basi akalazwa kitandani, chali, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko kifua, mama akiwa kando na mashine ya kupima oksijeni ikiwa kidoleni. Kwa muda mfupi hakuna lililotokea. Kisha rangi ya shavu ikaanza kukolea, ngozi ikakaza, ulimi ukanenepa mpaka alama za meno zikaonekana ubavuni mwake. Alipofungua mdomo, ukuta wa koo upande wa kushoto, nyuma ya findo, ulikuwa umesogea katikati, wa zambarau, ukikaribia kugusa kilimi. Akaketishwa. Uvimbe ukapungua taratibu bila dawa yoyote. Kipimo hiki hakihitaji mtambo. Kinahitaji kitanda, subira, na mtu wa kumketisha mtoto upesi akianza kuhangaika. Nashangaa kwamba fomu nyingi za kliniki hazina hata nafasi ya kukiandika.

Kilichotokea kinaelezeka. Kasoro ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), ambayo ndiyo aliyo nayo mtoto huyu, ni mkusanyiko wa mifuko yenye kuta nyembamba zisizo na misuli ya kutosha ya kuibana. Damu inapita humo kwa mwendo wa pole na presha ndogo, kwa hiyo kinachoamua ujazo wake ni mvutano wa ardhi na presha ya kifuani. Ukisimama, damu inateremka kuelekea moyoni. Ukilala, inabaki. Ukilia, ukikohoa au ukijikamua, inarudi nyuma na kujaa. Juu ya hilo, usingizi wenyewe hulegeza misuli inayoshikilia koo wazi, hasa katika awamu ya ndoto, ambayo huongezeka kuelekea alfajiri. Mtoto huyu alikuwa akipigwa mara mbili: njia inazibwa na uvimbe unaojaa, na misuli ambayo ingeitanua imelala. Tena kuna mzunguko mbaya. Kadiri anavyojitahidi kuvuta hewa kupitia njia iliyoziba ndivyo anavyochuruza jasho na kuamka-amka, na kila anapokohoa au kulia usiku uvimbe unaongezeka. Na hesabu ya mabomba haimhurumii: hewa ikipita kwa utulivu ndani ya mrija, kupunguza nusu ya kipenyo kunazidisha ukinzani mara 16. Koo la mtoto wa miaka 6 halina akiba ya kuchezea namna hiyo.

Kipimo cha usingizi cha usiku mzima kilitoa namba. Kwa mtu mzima pumzi huhesabiwa kuwa imekatika ikifika sekunde 10. Kwa mtoto inatosha kukosa mizunguko 2 ya kupumua, kwa sababu anapumua haraka na oksijeni yake inashuka upesi. Vilevile, mtu mzima mwenye vipindi 4 vya kukatika pumzi kwa saa anaambiwa yuko sawa, ilhali mtoto akizidi kipindi 1 kwa saa tayari si kawaida, na akizidi 10 ni ugonjwa mkali. Huyu alikuwa na 18 kwa saa. Alipolala chali katika awamu ya ndoto idadi ilizidi mara mbili ya hiyo, na oksijeni ilishuka hadi asilimia 74. Akilala ubavu wa kulia alipata nafuu ya kueleweka. Hewa chafu ya kaboni ilipanda pia, ishara kwamba mbali na vile vipindi vya kukatika kabisa, kuna saa nzima ambazo alikuwa akipumua kwa kubanwa.

Pasipo maabara ya usingizi, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachorekodi usiku kucha husaidia. Mishuko iliyojikusanya katika vikundi 3 au zaidi, pamoja na angalau mishuko 3 chini ya asilimia 90, inatosha kumfanya daktari achukue hatua. Ila kikiwa safi hakimwondolei mtoto shaka; mtoto anaweza kuhangaika usiku kucha kwa kuamka-amka kabla oksijeni haijashuka. Mwenye uvimbe wa mishipa kooni na anayekoroma hafai kurudishwa nyumbani kwa sababu tu karatasi ya oksijeni imenyooka.

Si kila kasoro ya mishipa ingejionyesha hivi. Ile ya mishipa ya limfu, inayobeba majimaji ya mwili, haibadiliki sana kwa mlalo. Huvimba mtoto akipata mafua au ikivuja damu ndani, na wazazi husimulia usiku mbaya unaofuatana na kila homa. Ikiwa ulimini, huonekana kama vijipele vya maji vilivyojaa juu ya ulimi, vingine vyekundu. Ile inayounganisha ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) na vena moja kwa moja huwa ya moto ukiigusa na hupiga pamoja na moyo. Hiyo usiichome sindano wala kuikata kwa kubahatisha. Hemanjioma iliyojificha chini ya nyuzi za sauti ni ya mtoto mchanga wa wiki chache hadi miezi michache, na sauti yake ya kukwaruza husikika hata akiwa macho, akivuta na akitoa pumzi. Hapo ndipo propranololi inapostahili sifa zake. Kila aina ina ratiba yake ya kuziba njia ya hewa, na maswali ya mzazi yafuate ratiba hiyo: inazidi lini, inapungua lini, akilala vipi.

Picha ya MRI ilihitajika kujua uvimbe umefika wapi, na hapa ndipo mtego mwingine ulipo. Mtoto wa miaka 6 hatulii ndani ya mashine, kwa hiyo kishawishi ni kumpa dawa ya kumlaza, chali, kwenye handaki, mbali na mikono ya wauguzi. Ni mazingira yaleyale yanayomkaba nyumbani, yakiongezewa dawa. Timu ilikataa njia hiyo. Picha ilipigwa chini ya nusu kaputi kamili, mrija ukiwa tayari kwenye njia ya hewa, na ikapangwa siku moja na uchunguzi wa koo kwa endoskopi (kamera nyembamba) ili asilazwe mara mbili. Mtaalamu wa nusu kaputi alimwacha apumue mwenyewe, kichwa kimeinuliwa, akapitisha mrija kwa kamera kupitia pua ya kulia, kwa kuwa upande huo haukuwa na uvimbe. Daktari mwenye uwezo wa kutoboa shingo alikuwa amesimama chumbani, amevaa glavu. Wengine wataona ni kutishana. Mimi naona ni kiwango cha chini.

Picha zilionyesha uvimbe unaong'aa sana, ukitoka shavuni, ukipita ndani ya ulimi hadi shina lake, ukazunguka nyuma ya findo la kushoto na kushuka ukutani mwa koo karibu na kongomeo. Ndani yake kulikuwa na vijiwe vidogo, mabaki ya damu iliyoganda na kushika chokaa, ambavyo karibu vinathibitisha kasoro ya vena. Damu yenyewe ilikuwa na kisa chake: kipimo cha D-dimer, alama ya damu iliyoganda na kuyeyuka, kilikuwa juu na fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ilikuwa chini kidogo. Maana yake damu inaganda na kuyeyuka humo ndani mfululizo, ikila akiba ya mwili ya kugandisha. Mtoto wa namna hiyo akipasuliwa bila maandalizi anaweza kutoka damu isiyokatika. Wataalamu wa damu walipendekeza heparini ya sindano za chini ya ngozi kwa siku kadhaa kabla ya kila utaratibu. Kumpa dawa ya kuzuia kuganda mtu unayeogopa atatoka damu kunasikika kama kichekesho, lakini ukizuia kuganda kusiko na faida, fibrinojeni inapata nafasi ya kupanda.

Turudi kwenye mafindofindo. Kwa mtoto wa kawaida anayekatika pumzi, kuondoa mafindofindo na nyama za pua ndiyo tiba ya kwanza, na inafanya kazi kwa walio wengi. Hapa findo la kushoto lilikuwa limelala juu ya mto wa vena, na kisu kingeingia humo. Isitoshe, endoskopi iliyofanywa akiwa katika usingizi wa dawa ilionyesha kwamba kinachofunga njia ni shina la ulimi na ukuta wa kushoto, si mafindofindo. Sisemi kwamba mtoto mwenye kasoro ya mishipa asikatwe mafindofindo kamwe. Wapo ambao uvimbe uko mbali na mafindofindo makubwa ndiyo yanayowakaba, hao wanafaidika. Ninachopinga ni kupanga operesheni kwa kuangalia mdomo wa mtoto aliyeketi.

Kwa hiyo usingizi ulishughulikiwa kwanza, kabla ya uvimbe. Alianzishiwa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa ya presha kupitia barakoa ili koo lisifunge. Wazazi walikuwa na hofu mbili: kwamba mtoto ataikataa, na kwamba barakoa itaminya shavu lenye uvimbe. Ya pili ilitatuliwa kwa kuchagua barakoa ya pua inayokaa juu ya mdomo na kuacha shavu wazi. Ya kwanza ilichukua muda. Alivalishwa barakoa mchana, akiwa anacheza, bila hewa, kisha na hewa kidogo akitazama katuni, ndipo usiku. Alama za presha hazikukisiwa, zilipangwa kwa kipimo kingine cha usingizi. Kichwa cha kitanda kiliinuliwa ili vena zimwage damu. (Mbinu hii ya kuinua si ya mtoto wa chini ya mwaka 1. Mtoto mchanga hulazwa chali mahali tambarare, bila mito. Akiwa na njia ya hewa iliyobanwa, hilo huamuliwa hospitalini.) Ndani ya wiki chache kitanda kikaanza kuamka kikavu, na shuleni malalamiko yakapungua. Uvimbe ulikuwa bado vilevile.

Kuupunguza kulifanywa kwa skleroterapia, yaani sindano ya dawa inayochoma kuta za vena kutoka ndani ili zikunjamane na kufunga, ikiongozwa na ultrasaundi na eksirei. Alkoholi kali (ethanoli) na dawa za povu zina nguvu, ila huvimbisha sana, na uvimbe wa tiba kooni hufika kileleni siku moja hadi tatu baadaye, wakati familia ingekuwa imeshafika nyumbani. Timu ilichagua bleomisini, isiyovimbisha sana kama hizo. Nayo ina masharti: jumla ya dozi maishani ina ukomo kwa sababu inaweza kuumiza mapafu, na ngozi iliyobandikwa plasta au kukwaruzwa wakati wa tiba hubaki na michirizi myeusi, hivyo hata vibandiko vya kupima moyo viliwekwa kwa uangalifu. Sehemu ya koo ilitibiwa peke yake, na mtoto akabaki na mrija katika chumba cha wagonjwa mahututi mpaka ilipoonekana kwa kamera kwamba uvimbe umeshuka. Dawa za maumivu zilipimwa kwa mkono mwepesi. Mtoto ambaye oksijeni yake imekuwa ikishuka usiku kwa miaka huwa mwepesi kuathiriwa na mofini na jamaa zake, na kodeini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 12.

Shina la ulimi liligoma kupungua kwa sindano. Huko mifuko ilikuwa midogo na imetawanyika ndani ya misuli. Hapo ndipo sirolimusi ilipoingia, dawa ya kunywa inayopunguza ishara za ukuaji ambazo jeni zenye hitilafu, kama TEK na PIK3CA, huziwasha kupita kiasi. Katika kasoro za vena faida yake mara nyingi huonekana zaidi kwenye maumivu, kutoka damu na ile hali ya kuganda kuliko kwenye ukubwa. Katika kasoro za limfu hupunguza zaidi. Wazazi waliambiwa hivyo waziwazi, pamoja na vidonda vya mdomoni, mafuta ya damu kupanda, vipimo vya kiwango cha dawa na hatari ya maambukizi. Waliambiwa pia kuhusu tundu la shingoni. Kwa watoto wengine, hasa uvimbe ukiwa pande zote mbili juu ya mfupa wa koromeo, tundu hilo ni njia salama kuliko zote na haliepukiki. Baba aliuliza kama likitobolewa litakuwa la maisha. Jibu lilikuwa kwamba wengi huja kuzibwa uvimbe ukipungua, lakini hakuna aliyeweza kumwekea tarehe.

Baada ya vikao vitatu vya sindano na miezi kadhaa ya sirolimusi, kipimo cha usingizi bila mashine kilitoa vipindi 4 kwa saa, na oksijeni ya chini kabisa ikawa asilimia 88. Ni afadhali kubwa, lakini hajapona. Alibaki na CPAP kwa presha ndogo zaidi. Tundu la shingoni halikuhitajika. Fibrinojeni ilirudi kawaida, na kipimo cha moyo hakikuonyesha kwamba presha ya mapafu imepanda. Kilichobaki ni meno ya mbele yasiyokutana, kwa sababu ulimi mnene umekuwa ukiyasukuma tangu yaote. Hilo amekabidhiwa daktari wa meno, na halitanyooka kama ulimi utaendelea kuwa mzito. Kipimo cha usingizi kitarudiwa kila mwaka, na mapema zaidi akianza tena kukoroma au kukojoa kitandani. Miaka ya kubalehe imewekewa alama nyekundu kwenye faili, kwa kuwa kasoro za vena hupenda kuongezeka wakati huo. Na jina "hemanjioma" limefutwa kwenye karatasi zake zote, ili mtu asije akamwanzishia propranololi kwa mara ya pili.